Shaba, Reli na Mikataba: Kolwezi katika Elimu ya Uhusiano wa Kimataifa

Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji ambao historia yake haisimuliki bila kuyataja mataifa mengine. Reli yake inaelekea bahari ya Atlantiki kupitia Angola. Bei ya shaba yake hufuata soko la London. Migodi yake imepita mikononi mwa Wabelgiji, serikali ya Kongo, Waswisi, Wakanada na Wachina. Na katika karne ya 20 majeshi ya kigeni yaliingia humo zaidi ya mara moja kuamua nani atawale. Ndiyo maana wasomi wa uhusiano wa kimataifa wameutazama ukanda huu kwa makini tangu miaka ya 1960. Mhadhiri anayeanza kazi leo Lubumbashi au Kolwezi amerithi maswali ambayo matukio yenyewe yaliyauliza kabla ya vitabu.

Kabla ya mipaka

Biashara ya shaba katika eneo hili ina umri wa karne nyingi. Makaburi ya kale katika bonde la Upemba, ambako mto Lualaba unapita, yametoa misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na marehemu. Misalaba ya namna hiyo ilitumika kama mali na baadaye kama fedha, na ilisafiri mbali na machimbo ilikotoka.

Katika karne ya 19 Msiri, mfanyabiashara kutoka Unyamwezi katika Tanzania ya leo, alijenga dola ya Bayeke na kuifanya Bunkeya kuwa mji wake mkuu. Bunkeya imo leo ndani ya jimbo la Lualaba. Utajiri wa dola hiyo ulikuwa pembe za ndovu, shaba, chumvi na watumwa, na nguvu yake ilitokana na kushika njia mbili kwa wakati mmoja: misafara ya pwani ya Waswahili upande wa mashariki, na ile ya Benguela upande wa magharibi. Kutoka pande zote mbili Msiri alipata bunduki na nguo, na aliwapokea wageni akizijua faida na hatari za kila mmoja wao.

Mkutano wa Berlin wa 1884–85 ulikuwa umempa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji madai juu ya Kongo, lakini Katanga ilikuwa bado haijashikwa na dola yoyote ya Ulaya. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alifika Bunkeya kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes akitaka Msiri aweke sahihi, akaondoka mikono mitupu. Mwishoni mwa 1891 ukafika msafara wa William Stairs, uliotumwa na upande wa Leopold na kubebwa kwa sehemu kubwa na wapagazi kutoka Zanzibar. Msiri alikataa bendera yao. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na Kapteni Omer Bodson. Mwaka 1894 Uingereza na Leopold walikubaliana juu ya mpaka, na ukanda mmoja wa shaba ukagawanyika kati ya Kongo na eneo lililokuja kuitwa Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia. Walunda walijikuta wamegawanywa na tawala tatu, kwa kuwa upande wa Angola ulikuwa wa Wareno.

Kampuni zilizotenda kama dola

Utawala wa Katanga ulianza kwa sura isiyo ya kawaida. Mwaka 1900 iliundwa Kamati Maalumu ya Katanga, chombo ambamo dola na mtaji binafsi viliketi pamoja, chenye mamlaka ya ardhi, kodi na polisi. Mskoti Robert Williams, kwa kampuni yake ya Tanganyika Concessions, alipata haki ya kutafuta madini, na tarehe 28 Oktoba 1906 ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga, iliyounganisha mtaji wa Société Générale ya Ubelgiji na ule wa Waingereza. Shaba ya kwanza iliyeyushwa mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya reli kutoka Rhodesia kufika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi.

Tangu mwanzo, reli ndiyo iliyoamua nani mwenye sauti. Shaba iliyopita kusini ilitegemea Waingereza wa Rhodesia na bandari za Wareno za Msumbiji. Ili kupunguza utegemezi huo, Wabelgiji walijenga njia ya ndani ya nchi hadi Port-Francqui, leo Ilebo, iliyokamilika mwaka 1928, ambapo mzigo uliteremshwa majini kuelekea Matadi. Williams naye alikuwa amepata mwaka 1902 kibali cha kujenga reli ya Benguela kutoka bandari ya Lobito. Ilifika mpaka wa Kongo mwaka 1929 na kuunganishwa na mtandao wa Katanga mwaka 1931. Kolwezi, iliyoanzishwa mwaka 1937 kama kituo cha migodi ya magharibi ya Union Minière, imo juu ya njia hiyo, kati ya Tenke na Dilolo. Mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa juu ya Lualaba katika miaka ya 1950, yaliipa migodi nishati yake.

Wafanyakazi nao walivuka mipaka. Waliandikwa kazi kutoka Rhodesia, Ruanda-Urundi, Kasai na Lomami, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliwataka waje na wake zao na kukaa miaka mingi. Katika kambi hizo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi na baadaye lugha ya nyumbani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili shaba ya Katanga na urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, viliingia katika hesabu za Washirika. Urani hiyo ilitumika katika mradi wa Marekani wa bomu la atomiki. Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma kudai mshahara, askari waliwafyatulia risasi Elisabethville.

Chuo kikuu kinafika Katanga

Uhusiano wa kimataifa kama somo la chuo kikuu ulipata uprofesa wake wa kwanza Aberystwyth, Wales, mwaka 1919, ukiwa na lengo la kuelewa vita vinaanzaje. Katanga ilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1946 kilianzishwa Elisabethville kituo cha utafiti wa matatizo ya kijamii ya wenyeji, kilichojulikana kwa kifupi CEPSI. Watafiti wake waliandika juu ya kambi, familia na nidhamu ya kazi, yaani juu ya mambo ambayo kampuni na serikali zilihitaji kuyajua. Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi kilifunguliwa mjini humo mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru.

Wanafunzi wa kwanza hawakupata muda wa kusoma dunia kwa utulivu. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya uhuru, Moïse Tshombe, mkuu wa serikali ya jimbo, alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Waziri wake wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, alikuwa mjukuu wa Msiri. Wanajeshi na washauri wa Kibelgiji walimsaidia, Union Minière ikamlipa kodi, na mamluki wakaongezeka, lakini hakuna dola hata moja iliyoitambua Katanga rasmi. Baraza la Usalama lilipeleka kikosi kilichofikia karibu askari 20,000. Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na Septemba mwaka huohuo Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld akafa katika ajali ya ndege karibu na Ndola akiwa njiani kukutana na Tshombe.

Mwisho wa kujitenga ulikuwa Kolwezi. Tshombe na wanajandarme wake, yaani askari wa Katanga, walirudi nyuma hadi huko wakitishia kulipua mitambo ya migodi na mabwawa. Tarehe 21 Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia mjini. Maswali makuu matatu ya somo yalikuwa yamejibiwa kwa vitendo mahali pamoja: kutambuliwa kwa dola, haki ya watu kujiamulia ikilinganishwa na umoja wa nchi, na mipaka ya nguvu za Umoja wa Mataifa. Miezi minne baadaye Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa Addis Ababa, na mwaka 1964 ukaamua mjini Kairo kwamba mipaka iliyorithiwa iheshimiwe. Funzo la Katanga lilikuwa limo ndani ya uamuzi huo.

Vitabu vilifuata haraka. Conor Cruise O'Brien, Mwairishi aliyekuwa mwakilishi wa Umoja wa Mataifa Elisabethville, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1962. Jules Gérard-Libois alitoa Brussels mwaka 1963 uchunguzi mpana wa kujitenga kwa Katanga. Kazi hizo zilijengwa juu ya hati, telegramu na mikutano ya wakubwa. Mwaka 1965, Lubumbashi kwenyewe, André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji kwa niaba ya watumishi wa nyumbani: watu waliokuwa wamepika, kufua na kusikiliza katika nyumba za wazungu tangu siku za mwanzo. Andishi hilo liliwafikia wasomi wengi pale tu mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipolichapisha mwaka 1990. Pengo hilo la miaka 25 linaonyesha jinsi maarifa ya Katanga yalivyogawanyika: lugha ya maktaba ilikuwa moja, lugha ya waliokuwa na kumbukumbu nyingine.

Miaka ya Shaba

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Rais Mobutu ilitaifisha mali za Union Minière na kuunda kampuni ya taifa iliyokuja kuitwa Gécamines. Kulipata jengo na mgodi kulikuwa rahisi kuliko kulipata soko, kwani uuzaji na sehemu ya ufundi vilibaki kwa kampuni dada ya Ubelgiji, Société Générale des Minerais. Mwaka huohuo, Lusaka, Kongo iliungana na Zambia, Chile na Peru kuunda CIPEC, jumuiya ya wauzaji wa shaba iliyotaka kulinda bei. Bei ilipoporomoka mwaka 1975 jumuiya hiyo haikuweza kuinyanyua.

Mageuzi ya 1971 yaliunganisha vyuo vikuu vyote vya nchi kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na kitivo cha sayansi ya jamii, siasa na utawala kikawekwa Lubumbashi. Kwa uamuzi huo wa Kinshasa, walimu na wanafunzi wa siasa wa nchi nzima walijikuta wakiishi kando ya migodi. Mmarekani Crawford Young, aliyekuwa ameandika juu ya siasa za Kongo, aliongoza kitivo hicho kuanzia 1973 hadi 1975. Valentin Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alifundisha katika kampasi hiyohiyo kabla ya kwenda uhamishoni, na mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki alijenga hapo utafiti wa kumbukumbu za watu wa kawaida. Mjini, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora kati ya 1973 na 1974 historia ya Zaire katika picha zaidi ya 100, akimweleza Fabian kila picha kwa Kiswahili.

Kisha vita vilirudi Kolwezi. Wanajandarme wa zamani wa Katanga walikuwa wamekimbilia Angola, ambako Nathaniel Mbumba aliwakusanya katika chama cha FNLC. Machi 1977 walivuka mpaka na kuteka sehemu ya magharibi ya jimbo, lililokuwa likiitwa Shaba. Askari wa Morocco, wakibebwa na ndege za Ufaransa, walisaidia kuwarudisha nyuma. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC waliingia Kolwezi yenyewe. Mamia ya Waafrika na Wazungu zaidi ya 100 waliuawa katika siku zilizofuata. Tarehe 19 Mei wanajeshi wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa waliruka kwa miavuli juu ya mji, na kesho yake Wabelgiji wakafika. Kikosi cha nchi za Afrika, kikiwamo cha Morocco na Senegal, kiliwapokea ulinzi. Vita Baridi viliufanya mgogoro huo uonekane kama mchezo wa Cuba na Marekani, lakini mizizi yake ilikuwa Januari 1963, katika safu za askari walioondoka Kolwezi bila kukubali kushindwa. Mwaka huohuo wa 1978 Mobutu na Agostinho Neto wa Angola walipatana, na pigo kubwa lililobaki likawa la reli: njia ya Lobito, iliyofungwa na vita vya Angola tangu 1975, haikufunguka.

Alama ya wakati huo bado inaonekana pembezoni mwa mji. Ni kituo kinachopokea umeme kutoka bwawa la Inga, karibu kilomita 1,700 kaskazini-magharibi, na kuugeuza ili utumike migodini. Njia hiyo ilikamilika mwaka 1982 kwa mikopo mikubwa ya nje. Nyaya zake zinapita juu ya vijiji vingi visivyo na umeme. Wachambuzi wengi wa siasa wameona ndani yake nia mbili: kuilisha Gécamines, na kuifanya Shaba itegemee swichi iliyoko karibu na Kinshasa ili isijitenge tena.

Kuanguka na kufunguliwa upya

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha tani zipatazo 470,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa tani 30,000 hivi. Chuo kikuu kilianguka pamoja na kampuni. Usiku wa tarehe 11 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa na kuuawa katika kampasi ya Lubumbashi. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa na kusimamisha ushirikiano wake na Zaire. Tukio la bweni likawa tukio la kidiplomasia, na utawala wa Mobutu haukurudi tena katika hadhi yake ya awali. Mwaka 1992 na 1993 mamia kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Maelfu walisubiri treni vituoni kwa wiki nyingi, na wengi walifia humo kwa njaa na magonjwa.

Sheria ya madini ya 2002 ilifungua milango kwa kampuni za nje. Mwaka 2008 Kongo na kampuni za China zilisaini mkataba wa Sicomines: asilimia 68 kwa Wachina, asilimia 32 kwa Kongo, huku barabara na hospitali zikijengwa kwa mikopo itakayolipwa kwa faida ya mgodi wa Kolwezi. Kwa msukumo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ahadi ya dola bilioni 9 ilishushwa hadi bilioni 6. Mwaka 2024 mazungumzo mapya yaliongeza fedha za miundombinu hadi dola bilioni 7. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani Freeport-McMoRan iliuza hisa zake za mgodi wa Tenke Fungurume kwa China Molybdenum, uuzaji unaotajwa mno katika mijadala ya Washington kuhusu kobalti.

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa katika majimbo manne, na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Mji huo sasa una chuo kikuu chake, kilichokua kutokana na tawi la Lubumbashi.

Mhadhiri chipukizi na maswali yake

Njia ya kuwa mhadhiri wa uhusiano wa kimataifa katika vyuo hivi ni ndefu. Katika utaratibu wa zamani mwanafunzi alisoma miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence. Leo mfumo wa shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu unachukua nafasi yake. Mhitimu bora hupokelewa kama msaidizi, akiongoza mazoezi na kusahihisha kazi chini ya profesa. Akichapisha na kufundisha vya kutosha hupanda kuwa chef de travaux. Uprofesa hauji kabla ya tasnifu ya uzamivu, inayotetewa hadharani mbele ya jopo, ukumbi ukiwa umejaa jamaa na wenzake. Kufundisha hufanyika kwa Kifaransa, lakini mahojiano na wachimbaji, madereva na wafanyabiashara wa madini hufanyika kwa Kiswahili, na ubora wa utafiti hutegemea sana uwezo wa kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kupoteza alichosema mhojiwa.

Mada za wahadhiri hawa zinaonekana wazi ardhini. Ya kwanza ni diplomasia ya madini. Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, nyingi yake kutoka Lualaba. Mwaka 2018 serikali iliitangaza kuwa madini ya kimkakati na kupandisha mrabaha wake hadi asilimia 10. Februari 2025 ilisimamisha mauzo yake nje ili kuinua bei, na Oktoba ikaweka viwango kwa kila kampuni. Aliyesoma habari za CIPEC ana kipimo cha kuzitathmini hatua hizo: safari hii muuzaji ni mmoja mwenye soko kubwa, ilhali wanunuzi wanaweza kubadili aina ya betri.

Mada ya pili ni ushoroba wa Lobito. China iliifufua reli ya upande wa Angola katika miaka ya 2010. Mwaka 2022 Angola ilikabidhi uendeshaji wake kwa kampuni tatu za Ulaya kwa miaka 30, na mwaka 2023 Marekani na Umoja wa Ulaya wakaahidi kuisaidia. Rais Joe Biden alifika Lobito Desemba 2024. Upande wa Kongo, kati ya Dilolo na Kolwezi, reli ni mbovu, na malori mengi bado hupanga foleni kwenye mpaka wa Kasumbalesa kuelekea Zambia, kisha Dar es Salaam au Durban. Swali la Robert Williams la mwaka 1902, yaani mzigo upite wapi na nani atoze ushuru, liko mezani tena, na safari hii Kongo, Angola na Zambia ni nchi huru zinazoweza kulijibu kwa pamoja.

Mada ya tatu ni haki katika mnyororo wa biashara. Mwaka 2014 wakazi wa mtaa wa Kasulo, Kolwezi, waligundua madini ya kobalti chini ya viwanja vyao, na visima vya uchimbaji vikachimbwa uani na hata ndani ya nyumba. Baadaye sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na kuwekwa chini ya kampuni ya Kichina. Ripoti ya Amnesty International ya 2016 juu ya kazi za watoto migodini, kesi iliyofunguliwa Washington mwaka 2019 dhidi ya kampuni kubwa za teknolojia, na kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya 2023 vimeufanya uwanja wa nyumba moja Kasulo kuwa jambo la sheria za mabara mengine. Mtafiti wa Lualaba ndiye aliye mahali pazuri pa kupima kama sheria hizo zinamfikia mchimbaji, kwa kuwa anaweza kurudi kwa watu walewale mwaka hadi mwaka na kulinganisha walichoahidiwa na walichopata.

Mada ya nne ni mpaka wenyewe na watu wake: Walunda wa nchi tatu, wafanyabiashara wanawake wa Kasumbalesa, na vizazi vya wahamiaji kutoka Kasai wanaorejea Kolwezi kutafuta kazi. Hapa utafiti wa mahusiano ya dola unakutana na historia simulizi iliyolelewa Lubumbashi na wanahistoria kama Donatien Dibwe dia Mwembu, aliyeandika juu ya familia za Gécamines baada ya kampuni kuanguka.

Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya yaliyojulikana duniani juu ya Kolwezi iliandikwa Brussels, Paris, London na Marekani. Kazi hizo zina thamani na zinaendelea kusomwa. Lakini mikataba ya shaba na kobalti hujadiliwa na pande mbili, na upande wa Kongo unahitaji watu wanaojua ilivyokuwa 1906, 1967 na 2008, wanaoweza kusoma vifungu vya mkataba asubuhi na kuzungumza na wachimbaji wa Kasulo jioni. Kuwafunza watu hao ndiyo kazi ya idara za uhusiano wa kimataifa katika ukanda wa shaba, na msingi wake umekuwa ukijengwa tangu kitivo cha sayansi ya jamii kilipohamia Lubumbashi mwaka 1971.